Tuzo ya usuluhishi tunayo, hela hatuna

mtafutahaki: Wakuu naombeni msaada, tumeshinda kesi ya usuluhishi wa kimataifa (wasuluhishi binafsi wanaamua badala ya mahakama) dhidi ya wanunuzi wetu, tuzo yaani uamuzi wa kulipwa tunao, imechukua karibu miaka mitatu, gharama za wasuluhishi na mawakili zimetumaliza kabisa na sasa jamaa hawalipi. Si tuliambiwa usuluhishi ni haraka na rahisi?

wakili_mzoefu: Pole sana mkuu. Msilipwe kwa hiari inabidi mwende mahakama ya nchi yenye mali zao, sio lazima ile mliyosikilizwa. Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka mahakama zitambue tuzo za nchi nyingine, una nchi zaidi ya 170, na Kifungu cha 5 kinataja sababu chache tu za kukataa tuzo, ila hiyo ya "sera ya umma" (tuzo kupingana na misingi ya nchi husika) kila mahakama inaitafsiri kivyake na hapo ndo watu wanakwama. Anzeni kutafuta mali zao mapema kabla hazijahamishwa!

kasuku22: Na usiri nao ni tatizo jamani. Nigeria iliamriwa na wasuluhishi kuilipa kampuni ya mradi wa gesi, P&ID, na riba deni likapita dola bilioni 11, mpaka mwaka 2023 mahakama ya Uingereza ikaona tuzo ilipatikana kwa udanganyifu na rushwa. Hela yote hiyo ya wananchi, imesikilizwa faragha, inaniuma kweli.

wakili_mzoefu: Kweli kabisa. @mtafutahaki mkataba ujao wekeni utaratibu wa haraka, ICC (Chama cha Biashara cha Kimataifa, sio ile mahakama ya jinai) wanao tangu 2017, msuluhishi mmoja na lengo la miezi sita.

mtafutahaki: Asanteni, mali zao naanza kuzitafuta leo leo.