Dadangu yuko Italia milimani, maji yameganda ndani ya paipu, afanyeje?

BintiShella

Assalaam aleikum jamaa, na wengine hamjambo. Nina swali la haraka, najua hapa Malindi ukirusha jiwe sokoni lazima limpate mtu aliyewahi kuishi Italia ama mwenye jamaa yake huko, kwa hivyo nisaidieni.

Dadangu mkubwa ameolewa huko mwaka wa sita huu. Mwanzo walikuwa Milano kwenye ghorofa, hakukuwa na shida yoyote, halafu mwaka jana mumewe akarithi nyumba ya babu yake kijijini, Abruzzo, milimani kabisa, nyumba ya mawe ya zamani, wakahamia. Leo asubuhi anipigia simu ya video analia. Kafungua mfereji wa jikoni, hakuna hata tone. Bafuni hakuna. Choo kimeflashi mara moja basi. Anasema usiku ilishuka mpaka digrii 11 chini ya sifuri na juzi pia ilikuwa hivo hivo. Shemeji ni dereva wa malori, yuko njiani Ujerumani harudi mpaka Alhamisi, jirani wa karibu ni bibi wa miaka themanini na kitu, na ndani kuna mtoto wa miaka mitatu.

Mie niko hapa feni yazunguka na jasho latiririka, maji ya tangi la juu ya paa ukiyafungua saa saba mchana yakuunguza, sasa mtu kama mie nitamshauri nini kuhusu maji yaliyoganda? Mamangu ndiye kanimaliza, kamwambia "si uchukue jiko la makaa uliweke chini ya bomba lipate joto". Na makaa anayo, ya kuchomea nyama wakati wa joto. Je, afanye hivo? Ama amwagie maji ya moto? Maji ya kunywa ana chupa 6 tu.

mzee_wa_Maweni

JIKO LISIINGIE NDANI. Mwambie sasa hivi kabla hujasoma mengine.

Mamako hana kosa, hapa kwetu twapika na makaa miaka nenda miaka rudi kwa sababu nyumba zetu zina matundu, makuti yapitisha upepo, dirisha li wazi, mlango u wazi. Huko wakati wa baridi nyumba imezibwa kama chupa ya soda. Makaa yakiwaka mule yatoa ile gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, hukohoi wala machozi hayakutoki, waona usingizi tu na kichwa kuuma kidogo ndio basi. Familia nzima yaweza kulala isiamke. Na mtoto wa miaka 3 mumo humo? Hapana.

BintiShella

Ya Rabi. Nshampigia, alikuwa keshayatoa makaa kwenye mfuko. Ameyarudisha.

FundiPaipu_KisumuNdogo

Mimi ni fundi wa maji lakini baridi ya hivo sijapata kuiona, barafu naijua ya kwenye friza tu kwa hivyo wenye ujuzi wa huko watanisahihisha. Nyote mshawahi kuisahau chupa ya soda kwenye friza si ndio? Inapasuka. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi, na paipu haina pa kuvimbia. Na kitu wengi hawajui, mara nyingi paipu haipasuki pale penye barafu penyewe, inapasuka pale maji yaliyobaki yamebanwa kati ya barafu na mfereji uliofungwa, presha inapanda hapo mpaka kitu kiachie. Kwa hivyo jambo la kwanza AFUNGUE MIFEREJI, yote, hata kama haitoi kitu.

La pili nataka kujua, ni nyumba nzima imekauka au upande mmoja? Kama mfereji mmoja tu ndio mkavu basi barafu iko kwenye tawi lake. Kama ni nyumba nzima basi imeziba pale maji yanapoingilia, kwenye mita ama baada yake. Amuulize na huyo bibi jirani kama kwake yanatoka. Yakiwa yanatoka basi laini kubwa ya kijiji ni nzima.

kijana_wa_Ngala

mtumie jua la huku kwa parsel, tunalo la ziada 😂

swali lakini, kwani wasitie chumvi kwenye maji? maji ya kisima chetu yana chumvi hadi sabuni haitoi povu, hayo nadhani hayagandi

NimerudiMalindi

Kijana, maji ya bahari yenyewe yaganda kwenye digrii 2 hivi chini ya sifuri, huyo dada yuko 11. Na utaitiaje chumvi paipu ya mjini, kwa kijiko?

BintiShella salaam. Mie nimekaa Piemonte miaka 14, mingi nikiangalia nyumba za watu milimani, wenyewe waja wakati wa kuteleza kwenye theluji tu, kwa hivyo kazi hii naijua na vidole vyangu vimeilipia. Fundi amesema kweli. Mimi naongeza.

Kabla ya kupasha joto chochote atafute valvu kuu aifunge. Nyumba za zamani kule huwa iko kwenye cantina, ile ghala ya chini, ama kwenye kisanduku cha mita nje. Kwa nini aifunge? Kwa sababu saa hii hawezi kujua kama paipu imepasuka au la, barafu yenyewe ndiyo imeziba tundu kama kizibo. Ikiyeyuka ndipo maji yanaruka, nimeona dari ikishuka yote sebuleni kwa sababu mtu alifurahi kuona jua limetoka akaenda zake dukani. Na kama ana hita ya maji ya umeme aizime, isije ikawa inachemsha tangi tupu.

Halafu amfuate adui kwa mkono. Apapase paipu kuanzia jikoni kurudi nyuma, hasa zinapopita kwenye ukuta wa nje, chini ya sinki, kwenye ngazi, kwenye cantina. Penye barafu huwa pabaridi kupita kiasi na mara nyingi pameota kitu cheupe kwa nje. Akishapapata achukue draya ya nywele, aanzie UPANDE WA MFEREJI arudi nyuma kuelekea barafu, asianzie katikati, kwa sababu maji yanayoyeyuka yanataka njia ya kutokea. Polepole. Draya iwe inatembea, isikae mahali pamoja, na asisimame kwenye maji akiwa ameishika, stima haina utani. Kama draya hana, taulo zilizochovywa maji ya moto azizungushe, zikipoa abadilishe. Maji yanayochemka asimwage moja kwa moja, paipu iliyoganda ikipata joto la ghafla yaweza kupasuka, ya plastiki hasa. Moto wa wazi, ile gesi ya kuchomelea, mshumaa, hapana kabisa. Yaweza kuchukua saa nzima au mbili, asikate tamaa.

Choo aflashi na theluji aliyoiyeyusha juu ya jiko la kuni, lakini ajue ndoo nzima ya theluji laini yatoa maji kidogo tu kama kibuyu. Ya kunywa aende kwa huyo bibi na mitungi, wale mabibi wa milimani ukibisha hodi mara moja wakuletea na supu.

BintiShella

Allah akulipe kaka. Draya anayo, alikuwa na saluni hapa karibu na Uhuru Gardens kabla hajaolewa, hicho ndicho kitu hawezi kukosa. Kwa bibi maji yanatoka. Nyumba yake yeye nzima kavu. Sasa anashuka cantina na tochi, nitarudi.

BintiShella

Haya nimerudi. Saa mbili na nusu zimepita, nilikuwa naye kwenye video muda wote, bando imeisha mara moja nikakimbia dukani.

Kwanza valvu, ilikuwa nyuma ya madebe ya mafuta ya zeituni, ngumu imeshika kutu, akaifunga kwa kuifunika na kitambaa apate mshiko. Halafu tukaona. Shemeji ana viazi na soseji amezianika huko chini, na kabla ya safari aliacha kidirisha wazi ili vipate hewa, kidirisha chenyewe kama kitabu ukubwa wake, na paipu inapita hapo hapo mbele yake! Upepo wa mlimani siku mbili usiku na mchana unaipiga hiyo paipu tu. Ilikuwa imeota weupe mrefu kama mkono, kama mtu kainyunyizia unga wa muhogo, akiugusa unatoka na kidole.

Akafunga dirisha, akavuta waya wa stima kutoka juu, akaanza na draya kama NimerudiMalindi ulivosema. Dakika arubaini hivi hakuna kitu, mkono umemuuma, mimi huku namwambia badilisha mkono. Mara akafungulia valvu kidogo tu kujaribu na mfereji wa jikoni ukakohoa. Ule mkohozi tunaoujua sote hapa, maji yakikatwa siku nne kisha yakarudi usiku, puh puh puh, kisha tope kidogo kisha maji. Mamangu alipousikia kwenye simu akainuka kwenda kutafuta ndoo, mazoea!

Lakini sasa. Pembeni kidogo ya pale palipokuwa na barafu kuna elbo ya chuma, kile kiungo cha kona cha paipu, imefanya ufa mwembamba kama uzi, na maji yaruka kama sindano mpaka ukutani. Ameifunga valvu tena. Afanyeje mpaka Alhamisi?

FundiPaipu_KisumuNdogo

Umeona sasa, pembeni, si penye barafu. Kama asingefunga valvu viazi vingeogelea.

Dawa ya kwetu: ana baiskeli ya zamani? Akate kipande cha tyubu, akipasue kiwe kama bandeji, akivute kwa nguvu akizungushe juu ya ufa mara tatu nne, kila mzunguko upande juu ya mwenzake, halafu abane na klipu za hosipaipu ya bustani, moja kila upande. Akaushe kwanza. Si ya kudumu, hiyo elbo itabadilishwa, lakini nimeona tyubu imeshika hapa Barani miezi mitano mpaka mwenye nyumba akasema mbona nikulipe tena. Afungulie valvu nusu, ajaze ndoo zote na beseni, kisha afunge tena. Usiku asiiamini.

NimerudiMalindi

Nakubali yote ila hapo pa kufunga usiku. Akifunga valvu afungue na mfereji wa chini kabisa ili paipu zimwage maji zibaki tupu, paipu tupu haina cha kuganda. Akiacha zimejaa atarudi pale pale kesho.

Na shemeji akifika, elbo ikishabadilishwa, hiyo paipu ivalishwe ile sponji nyeusi ya mabomba, inauzwa kwa mita, si ghali, na juu yake ikiwezekana waya wa kupashia joto unaochomekwa kwenye stima. Kisanduku cha mita waweke karatasi ngumu za styrofoam, wasijaze matambara, matambara yananyonya maji na yenyewe yanaganda. Usiku wa baridi kali aache mfereji mmoja ukitiririka wembamba kama uzi na milango ya kabati chini ya sinki iwe wazi ipate joto la nyumba.

mzee_wa_Maweni

Kuacha maji yatiririke usiku kucha? Hapa ungeitwa kwenye baraza la wazee.

NimerudiMalindi

Hahaha mzee wangu, mwaka wa kwanza na mimi nilikuwa nikiamka kuufunga. Tajiri wangu aufungua, mimi naufunga. Siku ya tatu tukabadilisha paipu mita 6.

BintiShella

Jamani samahani nilipotea. Shemeji kafika jana jioni, elbo imebadilishwa, sponji imevalishwa, kidirisha kimezibwa na ubao na soseji zimehamia kwa bibi. Tyubu ilikuwa ya baiskeli ya mtoto, nyembamba, lakini ilishika siku zote tatu, ikitoa tone moja moja tu. Shemeji aliitazama muda mrefu hasemi, kisha akaipiga picha akawatumia madereva wenzake.

Mamangu sasa kila magharibi ampigia dada na kabla ya salamu amuuliza leo digrii ngapi.

FundiPaipu_KisumuNdogo

Alhamdulillahi. Mwambie hiyo elbo iliyopasuka asiitupe, akija likizo aniletee niione.