Kutafuta asili ya babu na kula samaki wa siku hiyohiyo: Bagamoyo au Unguja?

MjukuuWaPwani: Wakuu, salaam. Desemba nampeleka mama pwani kwa siku nne. Ana miaka 71. Babu yake mzaa baba alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa Misheni ya Bagamoyo. Jina tulilonalo ni la ubatizo tu. Wazee wengine husema kabla ya hapo alipitia Unguja. Mama anataka kujua babu alitoka wapi, na anataka kula pweza aliyetoka majini leo. Tuelekee wapi?

Jahazi_Jipya: Unguja. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, zina hati za enzi za masultani na za ubalozi wa Uingereza. Ulizia kibali mapema. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi 1873, leo pana kanisa kuu la Kianglikana. Mpeleke mama asimame pale. Jioni mkale Forodhani, kwenye vibanda vya vyakula ufukweni.

Bi_Mwanaidi: Mwanangu, mie sikubaliani. Kilimani bila jina la kabla ya ubatizo utapekua nini? Kwenye hati za zamani mtu ni fulani bin fulani, au kabila lake tu: Mnyasa, Myao, Mmanyema. Anza Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868, na watoto waliokombolewa ndio waliokuwa kijiji chao cha kwanza. Iandikie parokia kabla hujasafiri, uwaombe wakuangalizie kitabu cha ubatizo. Ukilipata jina, nakili na mwaka na msimamizi wake. Kisha zungukeni makaburini taratibu, msikimbizane na muda.

Chakula kisikutie shaka. Soko la samaki liko ufukweni, mashua zinashusha, mnada unapigwa palepale. Nunua mwenyewe, wakaangaji wako hapohapo.

Mchokoaji: Kwa pweza tazama mwezi kwanza, mji baadaye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na watu wanafika miambani kuchokoa. Ukienda maji mafu, utauziwa wa barafu. Mimi ningekwenda Jambiani, kule Unguja. Desemba kaskazi imeshaingia, boti haimsumbui mama kama wakati wa kusi.

MjukuuWaPwani: Asanteni sana. Bi Mwanaidi, nimeongea na mama jana usiku. Amekumbuka jambo aliloambiwa na baba yake: babu alipougua mwishoni, Kiswahili kilimtoka, akawa anaomba "mesi, mesi". Hawakujua anataka nini.

Bi_Mwanaidi: Ee Mola. Mwanangu, mesi ni maji, kwa Kiyao. Alikuwa na kiu.

Neno moja halitoshi kuapia, lakini sasa una pa kushika. Misafara mingi ya Uyaoni ilishukia Kilwa Kivinje, na kutoka Kivinje majahazi yalikwenda Unguja. Kwa hiyo wazee wenu wanaosema alipitia Unguja huenda wako sahihi. Parokiani uliza kama kitabu kinataja kabila.

Jahazi_Jipya: Naondoa kura yangu. Bagamoyo kwanza. Kilimani nenda baadaye, ukiwa na mwaka na kabila mkononi.

MjukuuWaPwani: Nimemwambia mama maana ya lile neno. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akauliza makaburi ya misheni yako umbali gani kutoka sokoni, maana anataka kufika na chupa ya maji. Barua ya parokia naiandika leo. Mchokoaji, nisaidie: bamvua ya Desemba inaangukia siku zipi?