Terry Pratchett: aanzie wapi mtu asiyependa majoka na wachawi?

Kurasa_Njano: Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa riwaya za upelelezi na siasa. Dunia bapa ya Terry Pratchett, yule Mwingereza wa riwaya za vichekesho na uchawi, iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kobe, naiona ni mambo ya watoto. The Colour of Magic imenishinda, vituko vinafuatana tu. Kuna kitabu chake kitakachonibadilisha mawazo?

Mwanahewa: Mkuu, mlango ulioingilia ndio tatizo. Kitabu hicho cha 1983 kinatania riwaya za kishujaa za zamani, na asiyezijua hapati cha kuchekea. Tena kinakatika njiani. Mwendelezo uko The Light Fantastic (1986). Kiweke kando.

Discworld, yaani mfululizo wa hiyo dunia bapa, ina riwaya 41, lakini si hadithi moja ndefu. Imegawanyika kwa wahusika: askari wa jiji, wachawi wa kijijini, Kifo na wengine. Kwa ladha yako, anza na Guards! Guards! (1989). Kapteni Vimes, mlevi, anaongoza askari wa usiku wanaodharauliwa na jiji zima la Ankh-Morpork. Joka limo, lakini angalia wanaoliita: watu wa kawaida wenye vinyongo vidogo vidogo, wanaotumiwa na mtu mmoja mwenye uchu wa madaraka. Hiyo ni riwaya ya siasa kabisa!

Kisha fuata Men at Arms (1993), Feet of Clay (1996), ambamo mtawala anapewa sumu na hakuna ajuaye inapitia wapi, halafu Jingo (1997). Wengi watakusukuma uruke hadi Night Watch (2002) kwa kuwa ni bora. Usikubali. Uzito wake unatokana na kumjua Vimes alikotoka.

Bint_Riwaya: Naongezea Men at Arms: humo kuna hesabu ya viatu. Vimes analipwa dola 38 kwa mwezi. Buti imara ni dola 50, hafifu ni dola 10 na huanza kuvuja baada ya msimu mmoja au miwili. Mwenye 50 anakaa miguu mikavu miaka kumi; maskini katika muda huohuo ametumia 100 na miguu bado imelowa. Ukiisoma aya hiyo huwezi tena kusema Pratchett anaandika vichekesho tu.

Kurasa_Njano: Na yale maelezo ya chini ya ukurasa? Yananikatisha.

Bint_Riwaya: Malizia sentensi, kisha yasome papo hapo. Ukiyaacha hadi mwisho yanapoteza ladha, na kwenye vitabu vya kielektroniki hurundikwa nyuma, kwa hiyo bonyeza alama yake pale pale. Vitabu vingi havina sura, basi pumzika tukio linapobadilika. Ukikuta maneno ya herufi kubwa bila alama za kunukuu, ni Kifo anazungumza.

Mwalimu_Kando: Mimi ningempa Small Gods (1992) kwanza. Inajitegemea. Mungu Om anarudi duniani akiwa kobe asiye na nguvu, kwa sababu katika dola nzima inayoua kwa jina lake amebaki muumini mmoja wa kweli, kijana Brutha. Wengine wanaliogopa baraza la mahakimu wa imani, mungu mwenyewe wamemsahau. Mpenda siasa hataiweka chini.

Mwanahewa: Sipingi, ila haina upelelezi, na kicheko chake ni kizito zaidi. Kurasa_Njano, kama kwako siasa inatangulia upelelezi, mfuate Mwalimu.