GSK-3β yenye fosfeti haionekani kwenye tishu ya Alzheimer

Swali: Wakuu, napima GSK-3β (kimeng'enya cha seli kinachohusishwa na Alzheimer) kwa western blot, yaani kutenganisha protini kwa ukubwa na kuzitambua kwa kingamwili kwenye utando. Hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ilihifadhiwa -80 °C. GSK-3β ya jumla inatokea safi kwenye 46 kDa (kipimo cha ukubwa wa protini), ila yenye fosfeti kwenye serini 9 (asidi amino ya tisa ya protini hiyo) ni kivuli tu. Tatizo nini?

Jibu: Tia sodiamu floridi 50 mM na othovanadati 1 mM (huzuia vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti) kwenye bafa ya kusagia kabla tishu haijayeyuka. Saga juu ya barafu.

Jibu: Naongezea: vanadati hulinda hasa fosfeti iliyo kwenye tairosini, asidi amino nyingine. Kwa serini 9 tegemea floridi. Utando usiuzibe kwa maziwa, kaseini yake ina fosfeti na huweza kunasa kingamwili. Tumia albumini 5%.

Jibu: Angalieni pia saa kati ya kifo na kugandisha! Fosfeti hung'oka mapema, na hairudi. Linganisha wagonjwa na wasio wagonjwa wenye saa zinazokaribiana, la sivyo mtapima ucheleweshaji, siyo Alzheimer.