Tupeane uzoefu: nani amewahi kulala hemani Old Moshi, au popote jirani na boma la Mjerumani?

Mjukuu wa Kidia
Wakuu, habari za wikiendi. Mwezi wa saba tulipanda wanne kutoka Kiboriloni na mahema mawili ya kuazima. Tulilala shambani kwa baba mkubwa wangu, kama dakika kumi kwa miguu kutoka pale aliponyongewa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa hapa, enzi Wajerumani wana boma lao huko juu kabla hawajahamia mji wa chini.

Slipingi begi yangu ilikuwa ya mtumba, palepale Kiboriloni, elfu ishirini na tano. Muuzaji aliapa ni ya mlimani. Saa tisa usiku ndipo nikagundua zipu inaishia magotini. Nililala nimevaa soksi mikononi. Asubuhi Kibo ikajitokeza nyeupe mbele ya mlango wa hema, nikasamehe kila mtu isipokuwa yule muuzaji.

Haya, leteni visa. Wa hema la kamba na wa hema la kitanda, wote karibuni.

Mgumu Mstaafu
Nimebeba mizigo mlimani miaka kumi na moja, kwa hiyo hili naliandika kwa aibu.

Nilipeleka vijana wa kanisani hukohuko Old Moshi, nikachagua mahali pazuri: tambarare, nyasi laini, pembeni ya mfongo mkavu, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Mimi Mchaga, marehemu baba alikuwa anasimamia zamu za maji, na bado sikujiuliza kwa nini mwezi wa tisa nyasi za hapo tu ndizo mbichi. Saa nane usiku zamu ya mama mmoja ikafika, akafungulia maji yateremke shambani kwake. Hayakuja kwa kelele. Yaliingia polepole chini ya turubai, godoro likaanza kunyanyuka, na kijana mmoja gizani akauliza, "Mjomba, nani kakojoa?"

Halafu asubuhi mkikuta hema limelowa kwa ndani msiseme linavuja. Ni pumzi zenu. Acheni zipu ya juu wazi kidogo hata kama baridi inauma.

Mama Glory
Mimi ni wa hema la kitanda, msinicheke. Mume wangu alinilipia usiku mmoja chini ya Meru, miaka kumi ya ndoa. Shuka nyeupe, zulia, taa za mafuta. Maji ya moto tuliyoahidiwa yalikuja kwenye ndoo, saa moja na nusu baada ya kuyaomba, yakiwa ya uvuguvugu. Kwa bei ile! Nyumbani nachemsha mwenyewe.

Ila kilichobaki kichwani ni sauti. Usiku wa manane kitu kikaanza kukoroma juu ya mti, kikapanda, kikaishia ukelele wa mtu anayekabwa. Baba Glory alishika kiatu. Mlinzi akacheka: "Perere huyo, mama, anaita mwenzake." Mnyama mwenyewe ni kama sungura tu.

Asubuhi tukashuka Arusha mjini tukapita kwenye lile Boma jeupe la mwaka 1900, Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kwa walioshindwa kulala ni matembezi mazuri, pametulia.

Chalii wa Ngarenaro
Yangu si ya kuchekesha sana.

Tulitoka Arusha wanane, tukafunga mahema Old Moshi, tukawasha spika. Kama saa nne hivi ikaja tochi kati ya migomba. Babu mmoja, koti refu, fimbo. Tukamwamkia, akaitikia, akaomba kiti. Hakusema zimeni. Aliuliza tu, "Wajukuu, mnajua mko wapi?"

Spika tukaizima wenyewe maana hatukuwa tunamsikia vizuri. Akatuambia Meli aliwapiga Wajerumani mwaka 1892 na kamanda wao von Bülow akauawa, mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi. Machi 2, 1900 wakamnyonga yeye na wenzake 18. Nilidhani wote walikuwa watu wa hapo. Akataja Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha, kisha akanigeukia: "Na Lobulu Kaaya wa Meru. Huyo ni wa kwenu." Nimekulia Arusha na jina hilo nililisikia mara ya kwanza usiku ule, nimekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa.

Kuhusu kichwa cha Meli, kinachoaminika kilipelekwa Ujerumani, alisema neno moja tu: "Tunangoja." Mwaka 2023 Berlin walitangaza mafuvu machache yamelingana kwa vinasaba na familia za huku, la Meli halikuwamo. Nilimkumbuka babu.

Kesho yake tuliona ile sanamu ya Mangi iliyozinduliwa 2019. Aliyekuja na spika ndiye aliyefagia majani pale chini, hakuna aliyemtuma.

Mjukuu wa Kidia
Chalii, huyo mwenye koti refu nadhani namjua. Ana kikohozi?

Chalii wa Ngarenaro
Anacho. Na ugoro.

Mjukuu wa Kidia
Ndiye baba mkubwa mwenyewe. Sisi hakutuambia lolote, alituuliza tu kama tumekula.
Mgumu, zile slipingi begi mlikausha wapi?

Mgumu Mstaafu
Kwenye migomba ya yuleyule mama aliyefungulia maji. Akatupatia na kiburu, zile ndizi za kupikwa na maharage.