Mnatuuzia bendi kongwe, tunasikia besi tupu: mitambo ya maonesho ya dansi imetuchosha

Wakuu salaam.

Mashabiki wa dansi tunaibiwa, tena hadharani. Bango linasema Msondo Ngoma, Baba ya Muziki, au Sikinde, Ngoma ya Ukae. Kiingilio kimepanda. Watu wanajaa, bendi inapanda jukwaani, na kinachotoka kwenye spika ni besi, drams na mwimbaji mmoja anayepiga kelele ili ajisikie mwenyewe. Gitaa la sekondi solo halipo. Gitaa la rithimu halipo. Tarumbeta unaziona ziking'aa mikononi mwa wapulizaji, masikioni hazifiki. Wanamuziki wale hawana kosa. Kosa ni la promota anayekodi mitambo ya disko kwa bendi ya watu kumi na watano, na la fundi mitambo anayeipokea kazi bila kujua dansi limejengwaje.

Limejengwa hivi. Gitaa la rithimu linashika chodi (noti kadhaa kwa pamoja) na kuziweka katikati ya mapigo. Sekondi solo linapiga kifungu kifupi kinachojirudia, juu kidogo ya rithimu. Solo linazunguka juu ya yote mawili. Kila gitaa linaacha pengo, na jingine linaingia kwenye pengo hilo. Besi nayo haijazi kila pigo, inaongea na tumba (ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono), na pale inaponyamaza pana kazi yake. Wimbo unaanza taratibu, mashairi yanaimbwa, kiitikio kinaingia, halafu linakuja chemko: magitaa yanashikana, wapulizaji wanaingia na vifungu vyao, watu wanainuka vitini. Nuta Jazz ilianza mwaka 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ndiyo Msondo. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilizaliwa mwaka 1978, na mtu kama Michael Enoch aliumiza kichwa kupanga nani apige nini na wakati gani. Ukiliondoa sekondi solo kwenye mpangilio wa namna hiyo, rithimu na solo vinabaki vinaelea, na chemko halichemki.

Sikilizeni rekodi za Redio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980. Bendi ilipiga yote kwa pamoja, maiki chache, wimbo ukaingia kwenye tepu kwa mkupuo mmoja. Kila gitaa unalisikia. Leo zipo miksa za kidijitali (mashine za kukusanya sauti za maiki na ala zote na kuzipeleka kwenye spika) na spika ukubwa wa kabati, na bado sekondi solo linapotea. Kwa hiyo msituambie vifaa hakuna.

Tuhesabu matundu ya miksa, yaani pa kuchomekea kila maiki na ala, maana wizi unaanzia hapo. Drams: ngoma ya mguu, snea (ile ngoma yenye mlio mkali), tomu mbili na maiki mbili za juu, hizo sita. Tumba mbili. Besi moja. Magitaa matatu. Kinanda kimoja. Tarumbeta mbili, saksafoni mbili. Waimbaji wanne. Jumla 21, na MC anakuwa wa 22. Hiyo ni miksa ya matundu 24, hakuna njia ya mkato. Promota anakodi ya 16 kwa sababu ya bei, kisha fundi anaanza kuchinja: wapulizaji wanne wanasongamana kwenye maiki moja, tumba zinasahaulika, magitaa mawili yanaungwa kwenye tundu moja kwa waya wa panda. Hilo la mwisho ni balaa kabisa. Pikapu mbili (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi za gitaa) zikiunganishwa hivyo zinavutana, mmoja akipunguza sauti kwenye gitaa lake, la mwenzake nalo linafifia. Mpiga solo anashangaa amepotea, kumbe jirani yake ndiye aliyegusa kitufe.

Na kuna hili la kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa kwa sababu amplifaya "hazikuwemo kwenye bajeti". Pikapu ya kawaida inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa wa umeme, kiasi cha ohm milioni moja, kama ilivyo kwenye amplifaya ya gitaa. Tundu la laini la miksa lina ohm elfu kumi, ishirini hivi. Matokeo yake sauti nyembamba yote inakufa, gitaa linatoka kama limefunikwa blanketi. Fundi anapandisha trebo, yaani hizo sauti nyembamba, anapata mvumo na mchakacho. Angalau weka kiboksi cha DI chenye kutumia umeme (kinaiandaa sauti ya gitaa iingie kwenye miksa) kwa kila gitaa. Kilicho bora ni amplifaya ya wati 30 hadi 50 kwa kila mpigaji, na mbele yake maiki ya ala, SM57 au inayofanana nayo, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, kando kidogo ya kitovu. Hakuna siri hapo.

Sasa besi. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Fundi aliyezoea kupiga nyimbo zilizokwisha kuchanganywa studio anapandisha sauti nzito za hezi 60 hadi 100 (hezi ni mitetemo kwa sekunde) mpaka vifua vitetemeke, na anaona amefanya kazi. Kwenye bendi kuna maiki zaidi ya kumi zilizo wazi jukwaani, zote zinaokota mngurumo uleule na kuurudisha kwenye spika. Ndiyo maana ukumbi mzima unavuma na maneno hayasikiki. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi unatoa hezi 41, wa gitaa la kawaida hezi 82. Maiki ya mwimbaji au ya tarumbeta haina haja ya kubeba chochote chini ya hezi 100. Karibu kila miksa ina kitufe cha kukata sauti nzito, kwa kawaida hapo kwenye hezi 80 au 100. Kibonyeze kwenye kila tundu isipokuwa la ngoma ya mguu, la besi, la kinanda na la tumba kubwa. Kisha punguza kidogo, desibeli 3 tu, kati ya hezi 250 na 400 kwenye magitaa, uone ukumbi unavyotakata. Kama mitambo ni ya pande mbili, weka rithimu katikati, sekondi solo kushoto kidogo, solo kulia kidogo. Kidogo tu. Ukilitupa gitaa pembeni kabisa, aliyekaa upande wa pili hatalipata.

Jaribio la sauti nalo limegeuzwa "moja mbili, moja mbili" kwa dakika tano huku watu wameshaingia. Bendi ya ukubwa huu inataka saa moja na nusu: tundu kwa tundu kwanza, kisha mapigo pekee, kisha magitaa matatu peke yake bila waimbaji mpaka kila moja lisikike, kisha wapulizaji, mwisho wimbo mzima pamoja na chemko lake. Mkijaribu mashairi tu mnajidanganya, kwa sababu kwenye chemko ndipo kila mtu anaongeza nguvu. Na mkumbuke ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa havifanani, miili na nguo za watu hunyonya sauti nyembamba, kwa hiyo fundi asikae na simu baada ya wimbo wa tatu.

Joto pia. Nyuzi za chuma zikipata moto hulegea na sauti hushuka. Tarumbeta na saksafoni zikipata moto sauti hupanda. Wakiwa wametuni chumbani penye kiyoyozi, wakatoka kwenye uwanja wa Dar na taa za jukwaani, ndani ya nyimbo mbili magitaa yamekwenda chini na wapulizaji wamekwenda juu. Watu wanasema "wazee wamechoka". Wazee hawajachoka, mmewanyima dakika kumi za kutuni palepale watakapopigia.

Kwenye viwanja vya wazi kuna kosa jingine. Mnaongeza spika katikati ya watu bila kuichelewesha sauti yake ilingane na ile ya jukwaani. Sauti hutembea takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 34 mbele ya jukwaa inamfikia mtu wa nyuma sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya ile ya jukwaani. Mtu anasikia snea mbili. Muziki unaoishi kwa mapengo madogo kati ya magitaa unakuwa uji. Kifaa cha kuchelewesha kimo ndani ya miksa nyingi za kidijitali, ni kuandika namba tu.

Na MC, tafadhali. Chemko si nafasi ya matangazo. Bendi inachukua dakika nne kufika hapo, wewe unafungua maiki yako na kusalimia wageni waalikwa juu ya solo. Tangazo lina mahali pake, kati ya nyimbo. Wala wimbo wa dakika nane usikatwe uwe wa nne ili ratiba ya wasanii wengine itimie. Mliotulipisha tuje kuwaona ni hawa.

NYONGEZA: Mchangiaji mmoja hapo chini, ndugu yetu fundi mitambo, anasema lawama zote wamebebeshwa wao wakati bendi zinachelewa kufika na wapiga magitaa wanafungulia amplifaya mpaka mwisho. Hoja ya pili naikubali, kaka. Amplifaya ikielekezwa kwenye magoti ya mpigaji, yeye hajisikii na anaongeza, anayeumia ni mtu wa mstari wa mbele. Iinue juu ya kiti au ilaze iangalie masikio yake, utaona anapunguza mwenyewe. Monita ya mwimbaji (spika ya kumrudishia sauti yake) iwekwe upande wa nyuma wa maiki, pale maiki isipookota, na mwimbaji aombwe asikifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja, maana akifanya hivyo inaokota pande zote na mluzi unaanza. Hapo ndipo mafundi wengi hupunguza sauti ya waimbaji wote badala ya kumgusa bega mmoja.

Lakini kuhusu kuchelewa, gari la vyombo linatumwa na promota. Akilituma saa mbili usiku kwa onesho la saa tatu, bendi itajaribu sauti lini?

Kwa upande wa ukubwa wa sauti, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15 kwa kumbi za burudani. Bendi iliyochanganywa vizuri inajaza ukumbi kwa sauti ndogo kuliko hiyo. Wanaonunua tiketi za onesho lijalo, mpigieni promota kabla hamjalipa na mumuulize mambo matatu: miksa ina matundu mangapi, magitaa matatu yana amplifaya ngapi, jaribio la sauti ni saa ngapi. Akishindwa kujibu hata moja, wekeni jibu lake hapa ili na wengine walione.