Mjadala: Mwanamke wa kwanza akishika nchi, wa pili hutoka wapi?

Mleta mada

Wadau, naleta hoja ambayo imenikaa moyoni muda mrefu. Naomba tuijadili kwa mifano.

Kila mwanamke anapoapishwa kuwa rais au waziri mkuu wa kwanza wa nchi yake, maneno ni yaleyale: amefungua mlango. Mimi nauliza, baada yake kapita nani? Msimamo wangu ni huu: ukitaka kumpima mwanamke wa kwanza, mtafute wa pili. Kama wa pili hakuonekana kwa miaka thelathini, basi huyo wa kwanza alipita na mlango wake.

Mtazameni Malkia Victoria. Alitawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901, miaka 63. Muda wote huo, sheria ya Uingereza haikumpa mwanamke haki ya kumchagua mbunge, sembuse kuwa mbunge mwenyewe. Victoria hakuona tatizo. Mwaka 1870 aliandika kwa ukali kuwapinga waliokuwa wakidai haki za wanawake, yeye ambaye mawaziri wakuu walikuwa wakimpigia goti. Cha kusikitisha zaidi, wanawake wa New Zealand, koloni lililokuwa chini ya taji lake, walipata kura mwaka 1893 kwa kukusanya saini na kulisumbua bunge lao. Wa Uingereza walisubiri hadi 1918, naye alikuwa kaburini miaka 17.

Njooni kwa Margaret Thatcher. Aliongoza serikali ya Uingereza tangu Mei 1979 hadi Novemba 1990. Katika miaka hiyo kumi na moja, mwanamke mwingine aliyeingia katika baraza lake la mawaziri ni mmoja tu, Baroness Young, tena kwa miaka miwili. Waziri mkuu wa pili mwanamke, Theresa May, alipatikana 2016. Hesabuni wenyewe.

Sasa mlinganisheni na Njinga wa Ndongo na Matamba, katika nchi tunayoiita Angola leo. Wengi tunamjua kwa kisa cha Luanda mwaka 1622, alipokwenda kuzungumza na gavana wa Kireno akanyimwa kiti, mhudumu wake akainama na Njinga akamkalia mgongoni ili wazungumze wakiwa sawa. Kisa hicho kimesimuliwa mpaka kimefunika jambo kubwa kuliko hilo. Alipochukua madaraka mwaka 1624, wapinzani wake walimwambia wazi kwamba mwanamke hawezi kuwa mtawala wa Ndongo. Akapigana vita miongo mitatu, akapoteza nchi, akateka nyingine, akafanya mkataba na Wareno mwaka 1656, akafa 1663 akiwa bado mtawala. Baada yake alitawala dada yake, Barbara. Kisha kuanzia 1681 hadi 1721, miaka arobaini mizima, Matamba iliongozwa na malkia Verónica. Na wengine wakafuata. Yaani jambo lililokuwa haramu alipoanza yeye lilikuwa la kawaida karne moja baadaye.

Simfanyi mtakatifu. Njinga aliuza mateka kwa wafanyabiashara wa watumwa, na damu hiyo haifutiki kwa ushujaa wake mbele ya gavana. Ila kwa swali langu la leo, yeye aliacha njia na Victoria hakuacha. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, hoja yako ina uzito, lakini kipimo chako kinadharau jambo moja kubwa: kuona. Mtoto wa kike akimwona mwanamke kwenye kiti, kuna kitu kinabadilika kabla hata sheria haijaguswa.

Hili limepimwa. India ilibadili katiba, na kuanzia 1993 theluthi ya nafasi za uongozi katika mabaraza ya vijiji zikatengwa kwa wanawake. Vijiji vya kutengewa nafasi hizo vilipatikana bila upendeleo, kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha kijiji kilichoongozwa na mwanamke na jirani yake ambacho hakikuongozwa. Katika Bengal Magharibi walikuta kwamba pale ambapo kiti kilitengwa kwa vipindi viwili, pengo kati ya elimu ambayo wavulana walitamani kuifikia na ile ambayo wasichana walitamani lilipungua kwa takriban theluthi moja. Wasichana pia walipunguziwa muda wa kazi za nyumbani. Utafiti huo ulitoka 2012.

Na kuna linalokuhusu wewe moja kwa moja. Baada ya vipindi viwili vya kiti kutengwa, wanawake walianza kugombea na kushinda kwa wingi zaidi hata kiti kiliporudi kuwa wazi kwa wote. Wapiga kura walikuwa wamekwisha kumwona mwanamke akikagua visima na barabara, wakazoea. Huyo ndiye wa pili unayemtafuta, mleta mada. Alitokana na kuonekana kwa wa kwanza.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa mfano wa India, ila someni tena mlichoandika. Nafasi zilitengwa na nani? Na katiba. Tunawasifu wanawake hodari na kusahau karatasi iliyowaruhusu kuingia.

Denmark ilikuwa hairuhusu mwanamke kurithi kiti cha enzi. Mwaka 1953 wananchi wakapiga kura ya maoni, sheria ikabadilishwa. Margrethe, binti wa mfalme, alikuwa na miaka kumi na tatu. Akatawala tangu Januari 1972 hadi Januari 2024 alipojiuzulu mwenyewe. Bila kura ile tungekuwa tunamsoma kama binti wa mfalme tu.

Rwanda vilevile. Katiba ya 2003 iliweka kiwango cha chini cha asilimia 30 ya wanawake katika vyombo vya maamuzi. Uchaguzi wa 2008 ukatoa bunge la kwanza duniani lenye wanawake zaidi ya nusu, na 2013 wakafika 51 kati ya wabunge 80. Hakukuwa na rais mwanamke aliyefungua mlango wowote. Nyundo na patasi vilikuwa ni sheria.

Mchangiaji wa tatu

Nimewasoma wote na nina ugomvi na wote, hasa mleta mada.

Unasema tumtafute wa pili. Haya, twende Bangladesh. Khaleda Zia akawa waziri mkuu 1991, Sheikh Hasina akamfuata 1996, na tangu hapo wakapokezana hadi Hasina alipong'olewa na maandamano Agosti 2024. Kwa kipimo chako hiyo ndiyo nchi iliyofaulu kuliko zote! Lakini Khaleda alikuwa mjane wa rais aliyeuawa 1981, na Hasina ni binti wa mwasisi wa taifa aliyeuawa 1975. Mlango ulikuwa wa nyumba mbili, na wenye funguo ni wenye nyumba.

Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka, waziri mkuu wa kwanza mwanamke duniani, 1960: mumewe aliuawa mwaka uliotangulia akiwa waziri mkuu. Binti yao Chandrika akawa rais 1994. Na bunge la Sri Lanka? Hadi leo wanawake hawajafika hata sehemu moja ya kumi, zaidi ya miaka sitini tangu mama yule aapishwe. Corazon Aquino wa Ufilipino, mjane. Violeta Chamorro wa Nicaragua, mjane. Benazir Bhutto wa Pakistan, binti wa waziri mkuu aliyenyongwa. Sisemi hawakuwa na uwezo. Benazir alifungwa na kutengwa peke yake gerezani, na mwisho akauawa. Ujasiri wake hauna mjadala. Nasema wananchi walikuwa wakimchagua marehemu kupitia kwa aliyebaki.

Na huyo Njinga wako, mleta mada, umeandika mwenyewe kwamba aliyemrithi alikuwa dada yake. Sasa tofauti iko wapi?

Nyongeza ndogo kwa mchangiaji wa pili: hao wabunge 51 wa Rwanda, je, walikuwa na nguvu ya kuikatalia serikali jambo lolote kubwa? Wingi wa viti katika bunge lisilobishana na mtu sijui kama ni uongozi.

Mchangiaji wa nne

Mnazungumza juu ya kiti tu. Nani alikisogeza?

Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Iceland waligoma siku nzima. Takriban asilimia 90 yao hawakwenda kazini, hawakupika, hawakulea. Akina baba walibeba watoto kwenda nao ofisini. Miaka mitano baadaye, 1980, nchi ile ikamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kupata urais kwa kura ya wananchi wote. Alikuwa ameachika na analea mtoto peke yake. Hakuwa mjane wa shujaa wala binti wa mwasisi. Alikaa miaka 16. Mwaka 1983 chama cha wanawake watupu kikaingia bungeni. 2009 wakapata waziri mkuu mwanamke, 2017 mwingine, na 2024 rais mwingine, Halla Tómasdóttir. Mleta mada, wa pili wako huyo hapo, na wa tatu, na wa nne. Walizaliwa na ile siku moja ya 1975.

Liberia nako, kabla Ellen Johnson Sirleaf hajaapishwa Januari 2006, kulikuwa na akina mama waliovaa nyeupe, Waislamu na Wakristo pamoja, wakakaa juani wakidai amani mwaka 2003, wakawafuata wapiganaji hadi kwenye mazungumzo ya Accra na kuzuia wasitoke ukumbini mpaka waelewane. Leymah Gbowee alikuwa miongoni mwa viongozi wao.

Na kuna la kuumiza. Bibi Titi Mohamed alianza kuwahamasisha wanawake wa Tanganyika kujiunga na TANU mwaka 1955, wakajiunga kwa maelfu. Kiti cha juu kabisa cha nchi kilikaliwa na mwanamke 2021, naye Samia Suluhu Hassan alifika hapo akiwa makamu wa rais, baada ya rais kufariki. Kati ya umati ule wa 1955 na kiapo kile kuna miaka 66. Waliojaza viwanja walikuwa wanawake, waliogawana ofisi ni wanaume. Kila nikilifikiria jambo hili napata uchungu.

Mleta mada

Nimerudi. Mchangiaji wa tatu amenibana, nakiri. Kipimo changu cha wa pili kina tundu, na Bangladesh imepita katikati ya tundu hilo.

Kuhusu Njinga najitetea kidogo. Katika ufalme kila mtu hurithi kwa ukoo, mwanamume kwa mwanamke. Alichovunja Njinga ni pingamizi moja tu, la kwamba ndani ya ukoo huohuo mwanamke hahesabiki. Baada yake pingamizi hilo lilikufa Matamba. Katika jamhuri ukoo haupaswi kuwa na neno, kwa hiyo huko narekebisha swali langu: tumtafute wa pili ambaye hakurithi kwa baba wala kwa mume. Vigdís anapita. Thatcher, binti wa mwenye duka, anapita yeye binafsi, ila nyuma yake pakakauka. Sirimavo hapiti.

Mchangiaji wa pili na wa nne, sidhani kama mnapingana kama mnavyodhani. Sheria ya New Zealand ya 1893 ilitanguliwa na saini za maelfu ya wanawake. Umati hufika kwanza, karatasi hufuata. Ninachokataa ni kumtarajia mwanamke mmoja kileleni ashuke na karatasi mkononi kwa sababu tu ni mwanamke. Victoria alikuwa na miaka 63 ya kufanya hivyo.

Nawaletea mfano ulio hai ili tusibaki makaburini. Namibia, 2013, chama tawala SWAPO kilikubali utaratibu wanaouita pundamilia: orodha ya wagombea hupangwa mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Uchaguzi wa 2014 ukapandisha wanawake bungeni kutoka takriban robo hadi zaidi ya asilimia 40. Mwaka uliofuata Saara Kuugongelwa-Amadhila akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke. Machi 2025 Netumbo Nandi-Ndaitwah akaapishwa kuwa rais. Makamu wake ni Lucia Witbooi, na Saara akawa spika. Hapa orodha ilitangulia, malkia akaja baadaye. Nandi-Ndaitwah mwenyewe alikuwa katika harakati za ukombozi tangu ujana wake.

Nataka kujua jambo moja kwa wanaoifuatilia nchi ile kwa karibu. Pundamilia ni utaratibu wa chama, na chama kinaweza kuufuta katika mkutano mkuu mmoja. Je, kuna mpango wowote wa kuuingiza kwenye sheria ya uchaguzi ili uvibane na vyama vingine, wakati huu ambapo rais, makamu na spika ni wanawake? Kama upo, nani ameupeleka bungeni? Kama haupo, wanasubiri nini?